Misumari Iliyonyooshwa

Mgeni alifika kabla jua halijatoka, na hakubisha hodi. Koplo Edith Nandi alipofungua mlango ili amwage maji ya kunawia, alimkuta mwanamke amekaa juu ya jiwe la kufulia, amejifunika mablanketi mawili, kibuyu kimesimama katikati ya miguu yake. Upepo wa Julai ulikuwa ukipuliza kutoka milimani, na mwanamke huyo alionekana kuwa amekaa hapo kwa muda mrefu.

"Mama, mbona hukubisha hodi?"

"Niliogopa kuwaamsha majirani, afande. Wakisikia sauti ya Msukuma saa hizi watapiga yowe la mwizi."

"Nani amekuelekeza kwangu?"

"Mama muuza maandazi. Alisema yule polisi wa kike, mpelelezi, anakaa nyumba yenye mlango wa bluu." Alisimama. "Naitwa Kashinje. Masalu ni mume wangu. Yule mliyemfunga."

"Hajafungwa. Yuko mahabusu."

"Mlango wake unafunguka kwa ndani?"

Jalada la Masalu Edith alikuwa amekabidhiwa jana jioni tu, na lilikuwa na ukurasa mmoja. Alhamisi alfajiri, Bibi Redempta wa Kasense, mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa akikatiza msitu wa Mwilo kwenda misa ya asubuhi. Alipofika kwenye kijito, kidaraja cha magogo hakikuwepo tena. Giza lilikuwa halijaisha, akatumbukia kwenye mawe, akavunjika nyonga. Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa na jina la mkosaji: Masalu, mfugaji, aliyegombana mara tatu na wanaojitolea kutunza msitu ule kwa sababu walimzuia kupitisha ng'ombe kwenye njia yao.

"Tangu Alhamisi nampelekea maziwa," Kashinje alisema. "Askari wa kaunta anayakataa. Jana alinicheka, akasema polisi siyo kliniki ya watoto."

"Nipe. Nitampa kwa mkono wangu."

Kashinje hakukiachia kibuyu. "Na kibuyu chenyewe?"

"Kibuyu kina nini?"

"Ni cha mama yangu. Nilikuja nacho kutoka Maswa, mwaka tulipohamia huku. Kwetu kibuyu cha kukamulia hakilali nyumba ya watu wakati mwenye ng'ombe hayupo. Kikilala huko, ni kama sisi wa nyumbani tumekubali kwamba harudi." Aliyasema hayo bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. "Kirudi leo, ng'ombe wakiwa wanaingia zizini."

Nyuma ya Edith, karibu na mlango, sanduku lake la bati lilikuwa tayari, limefungwa kwa kamba. Kashinje aliliona, kisha akayaondoa macho yake.

"Kitarudi," Edith alisema. "Nitakileta mwenyewe."

"Hata kama habari ni mbaya?"

"Hata kama."

*

Masalu aliyanywa maziwa kwa mikupuo minne, akafuta midomo kwa shuka, akakirudisha kibuyu kupitia nondo za mlango. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi kidogo kidevuni.

"Alhamisi alfajiri ulipitisha ng'ombe kwenye kijito cha..."

"Sikupita."

"Sijamaliza kuuliza."

"Hata ukimaliza, sikupita."

Edith aliandika maneno hayo, na pembeni yake akaandika: amejibu mapema mno.

Inspekta Flavian, mkuu wa kituo, alikuwa akinywa chai ya rangi mezani pake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majalada kumi na manane ya wizi wa mifugo ambayo hayajapelelezwa, gari lisilo na dizeli, na jino linalouma.

"Koplo, andika muhtasari, ufunge jalada. Jumatatu anakwenda mahakamani. Nawe Jumatatu unatakiwa uwe Moshi kwenye kozi. Miaka mitatu umeiomba nafasi hiyo. Gari la misheni linaondoka hapa saa tisa, na Padri Gervas hamsubiri hata askofu."

"Naomba nikaone daraja, afande."

"Daraja halipo. Ndiyo kesi yenyewe."

"Basi nikaone mahali ambapo halipo."

Flavian alishika shavu lake. "Saa nane uwe umerudi. Ukichelewa, usinililie."

Edith alikisuuza kibuyu kwa maji ya moto, akakiweka dirishani kikauke, akachukua baiskeli ya kituo.

*

Barabara ya Kasense ilikuwa na vumbi jekundu na watu wengi wa Jumamosi. Mashamba yote yalikuwa yamevunwa. Katika shamba moja tu, karibu na ukingo wa msitu, kulikuwa na matuta makubwa ya nyasi yaliyofunikwa udongo mbichi, manne, yamejipanga. Edith, ambaye mama yake alimlea kwa jembe huko Namanyere, aliyatazama hadi baiskeli ilipotaka kumwangusha. Wafipa hufukia nyasi kwenye matuta mvua ikiwa bado inanyesha, ili zioze. Nani analima matuta Julai?

Watu wapatao kumi na wawili walikuwa tayari kazini msituni. Wengine walifyeka majani pembeni mwa njia, wengine walikwangua ukanda wa ardhi tupu kuzuia moto wa kiangazi. Hakuna aliyewalipa. Kwa Jumamosi za miaka miwili walikuwa wakifanya hivyo: wamechonga ngazi za mawe kwenye mteremko uliokuwa ukiwaangusha kina mama wanaokwenda chemchemini, wamepanda miche mahali palipoungua, na mwaka huu, kabla ya Pasaka, wamejenga kidaraja cha magogo matano ili wazee wa Kasense wafike kanisani bila kuzunguka bondeni. Siku kilipozinduliwa, Bibi Redempta ndiye aliyevuka wa kwanza. Watu walipiga vigelegele, naye akarudi akavuka tena.

"Shikamoo, mwalimu," Edith alimsalimu mwenyekiti wao.

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu mstaafu Theodory aliweka panga chini. "Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuanza."

"Kuanza nini tena? Mhalifu mnaye."

"Nina mtu, mwalimu. Mhalifu bado."

Watu waliacha kufyeka. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, bila kumtazama yeyote, "Wasukuma wameshatoa ng'ombe wa hongo." Baadhi walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa akinoa shoka hakucheka.

"Daraja lilijengwa na nani?" Edith aliuliza.

"Sote. Fundi alikuwa Gaudensi yule pale." Mwalimu alimwonyesha mzee mwenye shoka. "Misumari alitupatia Leonidas, yule mwenye lori wa Milanzi. Kilo tatu! Zamani, enzi za maduka matupu, msumari mmoja ungeuombea kibali. Siku hizi za biashara ruksa mtu anakugawia kama karanga."

"Mtu mwema."

"Sana. Na hakutaka hata tuliandike jina lake kwenye ubao."

Edith aliliandika jina hilo, akalipigia mstari.

Katibu wa kikundi, Jenifer, mwalimu wa chekechea asiyeweza kunyamaza kwa hatua kumi, ndiye aliyempeleka kwenye kijito. Kingo zilikuwa wazi. Katika mawe chini palibaki doa jeusi la damu, na kando yake punje tatu za rozari.

Edith alishuka, akaziokota, akazifunga kwenye leso. Kisha akasimama ndani ya maji. Hayakufika kwenye vifundo vya miguu.

"Jalada linasema magogo yalitupwa, yakachukuliwa na maji."

"Ndivyo tulivyomwambia askari."

"Mliona yakichukuliwa?"

"Hapana. Lakini hayakuwepo."

"Jenifer, maji haya hayabebi hata kandambili."

Walitafuta. Hapakuwa na alama ya kuburuta, kwa hiyo Edith aliacha kutazama chini, akatafuta mahali ambapo mtu mwenye gogo begani angeweza kupita bila kugonga matawi. Hatua arobaini juu ya kijito, nyuma ya mwamba, waliyakuta. Magogo yote matano yalikuwa yamelazwa sambamba juu ya mawe, yasiguse udongo. Chini yake palikuwa pamenyunyizwa majivu.

"Majivu ya nini?"

"Ya kuzuia mchwa," Jenifer alisema upesi. "Ah! Nani kayaweka vizuri namna hii?" Kisha kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akanyamaza.

Edith alipapasa matundu ya misumari. Hayakupasuka. Misumari ilikuwa imeng'olewa polepole, mmoja mmoja. Alitazama juu, na penye panda ya mti wa karibu akaona ganda la hindi lililofungwa kwa uzi wa gome. Ndani yake mlikuwa na misumari kama ishirini, yote imenyooshwa. Kila mmoja ulikuwa na alama tatu ndogo bapa, kuzunguka shina lake. Aliitia mfukoni pamoja na ganda lake.

Walirudi kwenye ukingo wa upande wa Kasense, kule alikotokea Bibi Redempta. Pembeni mwa njia, ndani ya nyayo za ng'ombe, kulikuwa na fimbo yenye urefu wa mkono, imechubuliwa gome, ncha zake zimetafunwa. Upande mmoja ulikuwa umekatwa mshazari kwa panga kali.

"Jenifer, njia ikiharibika mnawaambiaje watu?"

"Tunalaza tawi bichi katikati ya njia. Lenye majani. Upande uliokatwa unaelekea njia ya kuzungukia. Bibi zetu hawasomi mabango, lakini tawi wanalisoma hata gizani, linawagusa miguu. Tulikubaliana hivyo sisi wenyewe, mwaka juzi."

"Wafugaji wanaijua alama hiyo?"

"Nani awafundishe? Hatuongei nao."

Edith alimwonyesha fimbo. Jenifer aliishika, akaigeuza, akaona ule mkato.

"Unataka kusema ni mmoja wetu."

"Sijasema."

"Umesema kwa macho."

"Aliyeondoa daraja alilaza tawi. Hakutaka mtu aanguke. Halafu ng'ombe wakapita, wakala majani, wakalisogeza tawi kando. Kisha akaja bibi." Edith aliichukua tena ile fimbo. "Kwa hiyo Masalu amenidanganya. Alipita. Lakini alipita baadaye, daraja likiwa limeshaondoka."

"Sasa kwa nini mtu wetu aondoe daraja letu? Tumelibeba kwa mabega haya!"

Jibu la swali hilo lilikuwa ng'ambo ya pili, kwenye ile sehemu ya njia inayotoka ndani ya msitu. Tawi lingine bichi lilikuwa bado limelala hapo, na nyuma yake, chini ya majani makavu ambayo hayakuwa yameanguka yenyewe, kulikuwa na mifereji miwili membamba ya magurudumu.

"Mna mkokoteni?"

"Sisi? Tuna toroli moja, na gurudumu lake ni la mbao."

Waliifuata mifereji hiyo kwa mwendo wa dakika kumi. Ilikoma kwenye shimo refu la kupasulia mbao, limefunikwa matawi. Udongo wa pembeni ulikuwa na unga wa kahawia unaonukia. Visiki vya mininga vilikuwa vimepakwa tope ili vionekane vya zamani. Jenifer alivihesabu hadi tisa, akakaa chini.

"Hii minene tulikuwa tunaiita mababu," alisema. "Watoto wangu wa chekechea kila mmoja alikuwa na wake."

Edith alimwacha alie kidogo. Yeye mwenyewe alilitazama shimo lile na kuirudia njia yote kichwani. Walioiba mbao walihitaji daraja. Bila daraja mkokoteni wao haufiki barabarani. Kwa hiyo si wao walioliondoa. Aliyeliondoa alikuwa amewaona. Na badala ya kupiga kelele, alinyamaza.

Alinyamaza kwa sababu ya nani?

*

Saa sita walikaa kunywa togwa. Edith alitoa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa kwamba njia ya kijito imefungwa.

"Naomba mtu anisaidie kuibandika pale mtini. Nina huu tu." Alifungua kiganja. Msumari aliokuwa nao aliuokota kando ya kijito, umepinda kama ndoano.

"Utupe huo," Mwalimu Theodory alisema. "Nyumbani ninao mpya, nitume mtu."

"Mbovu huo, dada," alisema mwingine. "Tumia uzi."

Mzee Gaudensi alinyoosha mkono, akauchukua msumari, akaulaza juu ya jiwe. Akaupiga kwa kisogo cha shoka, akauzungusha. Akaupiga tena, akauzungusha. Mara ya tatu akauinua hadi usawa wa jicho, kisha akampa Edith.

Edith aliugeuza kwenye mwanga. Alama tatu.

"Asante, baba. Mkono wako haujasahau."

"Miaka ile ya shida tulikuwa tukinyoosha hata pini. Mwili umeshazoea."

"Tutembee kidogo."

Walikwenda hadi mahali ambapo wengine waliwaona lakini hawakuwasikia. Edith alifungua ganda la hindi. Gaudensi aliitazama misumari yake, naye hakujaribu kujifanya haijui.

"Ningeviacha vitu vile majini," alisema, "nisingejulikana."

"Kwa nini hukuviacha?"

"Magogo mazuri yale. Niliyachagua moja moja." Alipangusa uso kwa kiganja. "Andika, binti yangu. Ni mimi. Jumatano jioni."

"Niambie kwa nini."

"Jumatatu nilikuja kuangalia kama vigingi vimelegea. Nikaona alama za mkokoteni. Nikafuata, nikaona mininga. Nikajificha. Usiku ule waliokuja ni vijana wa Leonidas, nawajua, mmoja nilimfundisha useremala. Wanavusha mbao juu ya daraja langu. Yule bwana hakutupatia misumari, alijinunulia barabara. Sisi tukampigia makofi."

"Mbao ziko wapi?"

"Za Jumatatu zilikwenda. Za Jumanne bado. Wamezifukia."

"Kwenye matuta manne ya nyasi, nje ya msitu."

Gaudensi alimtazama kwa mshangao. "Nani kakuambia?"

"Mama yangu ni mkulima. Endelea. Kwa nini hukumwambia mwenyekiti wako?"

Mzee aligeuza kichwa kuelekea walikokaa wenzake, akashusha sauti. "Jumanne nilimwona amekaa mbele kwenye lori la Leonidas. Wanacheka. Nikasema moyoni, basi, mwalimu naye yumo. Nimwambie nani? Nikaona niondoe daraja, wakwame, halafu leo Jumamosi, mbele ya watu wote, nilitoe neno hapa. Mtu asiweze kulizima. Tawi nililaza, pande zote mbili. Lile la upande wa pili bado lipo, kaangalie."

"Nimeliona."

"La huku sikuliona tena. Nilipofika, watu walikuwa wamembeba mama. Bibi Redempta ndiye aliyenisimamia ubatizo. Jana nimekwenda hospitalini. Ameniuliza kama nimekula."

"Na ulipomsikia kila mtu akimtaja Masalu?"

"Nikanyamaza."

"Siku mbili."

"Siku mbili." Hakujitetea. "Mara ya kwanza unanyamaza kwa woga. Baadaye unanyamaza kwa sababu ulishanyamaza. Nilikuwa nanoa shoka tu. Asubuhi yote nanoa shoka."

Nyuma yao fimbo kavu ilivunjika. Mwalimu Theodory alikuwa amewakaribia, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba amesikia vya kutosha.

"Lifti!" alisema. "Nilipewa lifti, Gaudensi! Nilikwenda kumnunulia mke wangu dawa ya macho!"

"Mlikuwa mnacheka."

"Mtu amekupa lifti, akikuchekesha usicheke?" Sauti yake ilipasuka. "Miaka miwili tunabeba magogo, wewe mbele mimi nyuma. Ukashindwa kuniuliza? Neno moja tu?"

Mwalimu alisimama akimtazama Gaudensi, akipumua kwa nguvu, kisha akamgeukia Edith.

"Na mimi ndiye niliyemwambia askari kwamba ni Masalu. Sikuona kitu. Nilisema tu."

"Nalijua hilo, mwalimu. Maelezo yako yana mistari mitatu, na hakuna neno 'niliona' hata moja. Chagua watu sita wakayalinde matuta yale. Wasiyaguse hadi niwatume askari. Kisha wewe na mzee Gaudensi mnafuatana nami."

"Nimfunge kamba?" kijana mmoja aliuliza kutoka kule kwenye togwa.

"Umfunge nani?" Mwalimu alifoka. "Mpe maji anywe, njia ni ndefu."

*

Walifika kituoni saa tisa kasoro robo. Edith alikuwa ameikokota baiskeli njia nzima, kwa kuwa wazee wawili hawapandi kiti kimoja.

Alikwenda kwanza mahabusu na ile fimbo.

"Ng'ombe wako walikula majani ya hii."

Masalu aliitazama. "Nilipita," alisema. "Kisima chetu kimekauka. Walikuwa wamenikataza, ndiyo maana nilipita gizani. Niliona daraja halipo. Nikasema hayo ni mambo yao. Ningesimama, ningekaa pale dakika kumi tu, ningemwambia yule bibi asimame." Aliachia nondo. "Hilo andika pia."

Aliliandika.

Inspekta Flavian alisoma maelezo ya Gaudensi mara mbili, akiwa amesimama. Aliwatuma askari wawili kwenye matuta kwa baiskeli, akaagiza lori la Leonidas lizuiwe lisitoke mjini, kisha akakaa, akacheka kidogo ingawa jino lilimuuma.

"Majivu ya mchwa! Mtu anaharibu daraja, halafu analihifadhi. Kazi nzuri, Koplo. Masalu atatoka."

"Sasa hivi?"

"Kesho asubuhi. Saini ni ya mkuu wa polisi wa wilaya, naye yuko Laela, anarudi usiku. Siwezi kumtoa kwa saini yangu, ameshaandikwa kwenda mahakamani." Honi ililia nje. "Haya, gari lako hilo."

Padri Gervas hakuzima injini. Kwenye kiti cha nyuma alilala mwanamke mjamzito, amefumba macho, na muuguzi akimshika mkono. Nafasi ilibaki moja, mbele.

"Koplo, sanduku liko wapi? Tunalipitia nyumbani kwako, lakini upesi. Huyu ni wa kufika Mbeya kabla ya usiku wa manane."

"Padri, tunaweza kupita Kasense, kwenye maboma ya wafugaji?"

"Huko kwenye maboma hakuna barabara, mwanangu. Ni saa nzima kwenda na kurudi. Mtazame huyu mama."

Edith alimtazama. Hakuweza kuomba tena.

Konstebo Wilibrodi, wa kaunta, alikuwa amesikia yote. Alikichukua kibuyu dirishani, akakining'iniza kwenye kidole. "Ni hiki tu kinachokuchelewesha? Nenda zako Moshi, dada. Nitakipeleka mimi nikitoka zamu."

"Unatoka zamu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Ng'ombe wanaingia zizini saa kumi na mbili."

"Ng'ombe na kibuyu vinahusiana nini?"

"Umemfukuza mara mbili, Wili. Akikuona wewe na kibuyu mlangoni, usiku, bila mumewe, atafikiri nini?"

Wilibrodi alikishusha kibuyu polepole, akakishika kwa mikono miwili.

"Kozi nyingine ni lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hawajasema."

Edith alirudi kwenye dirisha la gari. "Nenda, Padri. Mungu awafikishe salama." Padri alimtazama, akamtazama yule mama nyuma, akatia gia. Vumbi lilipotulia, Inspekta Flavian alikuwa mlangoni, mkono shavuni. Edith alidhani atafoka. Alisema tu, "Chukua baiskeli. Breki ya nyuma haishiki."

Boma la Masalu lilikuwa ng'ambo ya msitu, mahali ambapo upepo haukuwa na kizuizi. Edith alifika akiwa amekifunga kibuyu mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Ng'ombe wa mbele walikuwa wanaingia zizini. Kashinje alisimama langoni akiwaita mmoja mmoja kwa majina, na alipomwona aliacha kuita.

"Kesho asubuhi," Edith alisema kabla hajashuka. "Atakuja kwa miguu yake. Hakufanya. Aliyefanya amesema mwenyewe, na mwenyekiti wao anakuja kesho kukuomba radhi."

Kashinje alikifungua kibuyu kutoka mgongoni mwa Edith, akakinusa mdomoni, akakigeuza kuangalia kama kina ufa.

"Kimeoshwa kwa maji ya moto," alisema.

"Ndiyo."

"Na lile sanduku la mlangoni? Ulikuwa na safari."

"Gari limeondoka."

Mwanamke huyo alimtazama, mikono yake imekizunguka kibuyu. Kisha akachuchumaa kando ya ng'ombe mwekundu, akakiweka kibuyu katikati ya magoti.

"Mshike ndama huyo," alisema, "asininyonyee maziwa yote."

Edith akaweka baiskeli chini, akamshika ndama.